Mama Mzazi na Maana ya Usawa

Lugha ni ghala la fikra za taifa, na mara nyingine neno moja la kila siku hutufunulia jambo ambalo hotuba ndefu zimeshindwa kulieleza. Mwanamke mwenye mimba tunamwita mjamzito, yaani mja aliyebeba uzito. Siku yake ikiwadia twasema ameshikwa na uchungu, na neno hilo hilo la uchungu ndilo tulitumialo kwa majonzi ya mtu aliyefiwa. Mtoto akishazaliwa twasema mama amejifungua, kana kwamba hadi saa ile alikuwa amefungwa, na hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini kama fundo lingefunguka. Wazee waliotuachia maneno haya hawakuwa na hospitali wala takwimu, lakini walijua barabara kwamba kuleta uhai ni kuyakaribia mauti. Ndiyo maana hata leo husemwa kwamba mjamzito mguu wake mmoja u duniani na wa pili u kaburini.

Hapo zamani msemo huo uliwahusu wanawake wote, wa mjini na wa shamba, wa mwenye mali na wa fukara. Siku hizi unawahusu baadhi yao zaidi kuliko wengine. Wako ambao kwao hatari ya uzazi imepungua hata ikakaribia kusahauliwa. Wako pia ambao kwao ingali pale pale walipoiacha bibi zao. Katika insha hii hatukusudii kufundisha utabibu, kwa kuwa kazi hiyo ina wenyewe. Tunakusudia kuuliza swali la maadili: je, tofauti hii baina ya mama na mama ni bahati mbaya tu, au ni dhuluma? Na ikiwa ni dhuluma, usawa tunaouhubiri kuwa nguzo ya taifa letu unatudai nini?

Bahati mbaya na dhuluma

Radi ikimpiga mkulima shambani, twasikitika na kumzika, lakini hatumtafuti mkosaji. Kisima kisichofunikwa kikimmeza mtoto, siku ya kwanza tunaweza kusema ni bahati mbaya, maana hatukujua. Tukikiacha wazi, na mtoto wa pili akatumbukia, hatuwezi tena kuisingizia bahati. Misiba hii haitofautiani kwa ukubwa wa maumivu, bali kwa kujua na kuweza. Pale tunapoijua sababu ya kifo, na tukawa na uwezo wa kuizuia, kifo kile si tena jambo lililotupata. Ni jambo tuliloliacha litokee.

Sababu za vifo vya uzazi zinajulikana. Iliyo kubwa kuliko zote ni kutoka damu nyingi. Kisha kuna kifafa cha mimba, kiambatanacho na shinikizo la juu la damu. Kuna maambukizo, uchungu pingamizi, na utoaji mimba usio salama. Dawa zake nazo zinajulikana. Iko sindano ya oksitosini inayoufanya mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimame, iko magnesiamu salfeti ya kutuliza kifafa, ziko antibaiotiki, uko upasuaji pale mtoto asipoweza kupita. Hakuna hata moja katika hizi iliyo siri, wala hakuna iliyovumbuliwa jana. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba mwaka 2020 wanawake wapatao 287,000 walikufa kwa sababu za mimba na uzazi, na kama 70 katika kila 100 ya hao walikuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Mwili wa mwanamke wa Afrika haukuumbwa kwa udongo mwingine. Kinachotofautiana ni vitu vinavyomzunguka saa ile anapohitaji msaada.

Wapo watakaosema kwamba kifo ni amri ya Mungu, na siku ikifika haina kinga. Hatuna nia ya kubishana na imani hiyo, ambayo imewafariji wengi katika misiba. Twasema tu kwamba imani hiyo haijawazuia waumini kujenga nyumba imara, kuchemsha maji ya kunywa, wala kumpeleka mgonjwa kwa mganga. Mwenye kuamini kwamba siku yake imeandikwa bado hufunga mlango usiku. Kumwachia Mungu kazi ambayo tumekwisha kupewa uwezo wa kuitenda si uchaji; ni kumtwika Mungu uvivu wetu.

Je, ni umaskini peke yake?

Jibu jingine la haraka ni kwamba nchi zetu ni maskini, na maskini hana budi kuvumilia. Katika jibu hili mna ukweli, lakini si ukweli wote. Tutazame nchi mbili zilizo mbali na sisi.

Sri Lanka mwaka 1950 ilikuwa nchi ya wakulima wenye kipato kidogo, na vifo vya akina mama vilikuwa zaidi ya 500 katika kila vizazi hai 100,000. Baada ya hapo, kwa miongo kadhaa, idadi hiyo ikawa inapungua kwa nusu kila baada ya miaka baina ya sita na kumi na miwili. Nchi ile haikungoja kutajirika kwanza. Iliwafunza wakunga na kuwaweka karibu na watu, ikatoa matibabu bila malipo, ikawasomesha wasichana, na ikahesabu vifo vya akina mama kwa makini ili kila kimoja kichunguzwe. Kwa upande wa pili tuitazame Marekani, ambayo haina upungufu wa fedha wala wa madaktari. Mwaka 2021 takwimu za serikali ya nchi hiyo zilionyesha vifo 69.9 katika kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi, na 26.6 kwa wanawake weupe. Utajiri wa taifa ulikuwa mmoja, lakini haukuwafikia wote kwa kipimo kimoja.

Mifano hii miwili yatufunza kwamba utajiri hautoshi kuiondoa tofauti, na umaskini hautoshi kuihalalisha. Baina ya mali ya taifa na uhai wa mama kuna jambo la tatu, nalo ni uamuzi wa jamii juu ya nani ahudumiwe kwanza na nani asubiri.

Saa ya hatari

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili hivi. Kwa hiyo katika uzazi kuchelewa kwenyewe ni ugonjwa. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba kuchelewa huko ni kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kupata msaada baada ya kufika. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali hizo zilitungwa kwa ajili ya mambo yote ya maisha, lakini hakuna mahali zinapotimia kama mlangoni pa chumba cha uzazi.

Tangu uhuru tumefundishwa kwamba taifa letu lina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Msomaji anaweza kuona mara moja jinsi maadui hao wanavyogawana kuchelewa kule kutatu. Ujinga huwashika watu nyumbani wasizitambue dalili za hatari. Umaskini huwakalia njiani, kwenye barabara mbovu na nauli isiyopatikana. Nayo maradhi humshambulia mama kituoni, mahali ambapo hakuna damu, au ambapo dawa imeharibika kwa kukosa ubaridi, au ambapo muuguzi mmoja anakesha peke yake na wodi nzima.

Lakini tukichunguza zaidi tutaona kwamba orodha ya maadui watatu haikutimia. Mara nyingi mwanamke hutambua vyema kwamba hali yake si ya kawaida. Wala si mjinga. Anachokosa ni idhini. Mume yu safarini, mama mkwe hajaafiki, na fedha ya nauli imo mfukoni mwa mtu mwingine. Anakaa na hatari yake akingoja neno la mtu asiyeisikia. Adui huyu wa nne ni unyonge wa mwanamke katika nyumba yake mwenyewe, naye hafukuzwi kwa zahanati wala kwa barabara.

Usawa wa namna mbili

Tanzania ilipoanza kuwatoza wananchi sehemu ya gharama za matibabu mwaka 1993, wajawazito walisamehewa malipo. Utaratibu huo ni wa haki, na maneno yake hayambagui mtu. Sasa tuwafikirie wanawake wawili ambao kwao utaratibu ni huo mmoja. Wa kwanza anakaa Ilala, jijini Dar es Salaam. Wa pili anakaa katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, ambako njia ni maji, chombo ni mtumbwi au boti, na safari haina budi kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Wote wawili wanaanza kutoka damu saa nane za usiku. Wa kwanza yu karibu na hospitali kubwa, naye aweza kufika kabla ya kupambazuka. Wa pili anaangalia mkondo, na maji yamekupwa.

Je, wanawake hawa wawili ni sawa? Mbele ya waraka wa serikali ni sawa. Mbele ya damu inayotoka si sawa. Hapa ndipo zinapoonekana namna mbili za usawa. Usawa wa kwanza ni wa kugawa: kila mtu apate kile kile alichopata mwenzake. Usawa wa pili ni wa kufikia: kila mtu apate kile kitakachomfikisha penye uzima, hata kama mmoja atahitaji kingi na mwingine kidogo. Mzazi mwenye watoto wawili, mmoja mzima na mmoja mgonjwa, hawapi wote wawili nusu kidonge ili asiitwe mpendeleaji. Humpa dawa mgonjwa, na hakuna jirani anayemlaumu kwamba amedhulumu.

Kwa upande wa uzazi, basi, twashauri kwamba usawa upimwe kwa saa. Tusiulize tu wilaya hii ina zahanati ngapi na ile ina ngapi, bali tuulize mama wa hapa na mama wa kule watangoja muda gani kabla ya kufikiwa na mtu mwenye ujuzi, dawa na damu. Vituo vyaweza kulingana kwa idadi, na saa zisilingane hata kidogo. Aliye mbali hana budi kupewa zaidi, wala hiyo si hisani. Hana njia nyingine ya kulingana na mwenzake.

Hoja ya hesabu

Ipo hoja moja nzito ambayo hatuwezi kuipita. Mtu mwenye kujua uchumi atatuambia hivi: fedha itakayomwokoa mama mmoja katika delta yaweza kuwaokoa watatu mjini. Kwa kuwa fedha haitoshi, je, si dhambi kuwaacha watatu wafe kwa ajili ya mmoja?

Hesabu hii si ya kubezwa, na mwalimu atafanya vyema kuwaachia wanafunzi wake waijadili. Sisi twaijibu kwa mambo mawili. La kwanza, hesabu hiyo hufaa kwa uamuzi wa siku moja, lakini serikali na jamii huamua kila mwaka. Ikiwa kila mwaka tutafuata hesabu ile ile, mtu wa delta atakuwa wa mwisho mwaka huu, na mwakani, na siku zote. Foleni ambayo mtu yule yule huwa wa mwisho kila siku si foleni tena. Ni ubaguzi uliovaa joho la utaratibu. La pili, gharama za kumfikia aliye mbali hazikuteremka kutoka mbinguni. Sehemu yake imetokana na barabara ambayo haikujengwa wakati nyingine ikijengwa, na shule ambayo haikufunguliwa wakati nyingine ikifunguliwa. Kumwambia mtu kwamba kumwokoa ni ghali, baada ya sisi wenyewe kuchangia kulifanya liwe ghali, ni kumlipisha mara mbili.

Zaidi ya hayo, uzoefu umeonyesha kwamba gharama hupungua mara tu jamii inapoamua kwa dhati. Tangu miaka ya 1960 Tanzania iliwafunza madaktari wasaidizi, watu wasiokuwa na shahada ya udaktari, na kwa miongo mingi hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Mahali pengi pasipofikika upesi zimejengwa nyumba za kungojea uzazi, ambamo mjamzito hukaa karibu na hospitali siku zake zikikaribia. Aidha, uko mpango uitwao m-mama, ulioanzia katika maeneo ya Kanda ya Ziwa na kutangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022. Kwa mpango huo mtu hupiga simu namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipokuwapo, dereva wa kawaida wa eneo lile aliyekwisha kuandikishwa humbeba mama na kulipwa ujira wake. Hakuna hata moja katika njia hizi lililongoja taifa litajirike.

Matunda yake yanaonekana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Waliojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Tuna haki ya kufurahi. Lakini wastani wa taifa haumjui mtu, na idadi ikipungua kwa jumla ndipo inapokuwa rahisi kuwasahau waliobaki nyuma. Swali la usawa halimaliziki vifo vinapopungua. Huzidi kuwa kali, kwa sababu hakuna tena anayeweza kudai kwamba haiwezekani.

Mila na deni

Huwalaumu wengi mila kwa vifo vya uzazi, na wengine huzitetea mila hizo bila kuzichagua. Tukubali kwamba mna yote mawili. Ni mila zetu zilizomfanya mwanamke afiche mimba yake miezi ya mwanzo hata akachelewa kliniki, na ni mila zilizofanya uzazi uitwe mambo ya kike, mwanamume akae barazani akingoja habari. Tunayo pia methali isemayo kuzaa si kazi, kazi kulea. Makusudio yake ni mema, kwa maana huwakumbusha wazazi wajibu wa malezi. Lakini kijana anayeisikia tangu utotoni aweza kudhani kwamba kuzaa kweli si kazi. Inafaa anapofundishwa methali hiyo akumbushwe na nyingine, kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Lakini ni mila hizo hizo zilizotuachia arobaini: siku ambazo mzazi hukandwa maji ya moto, hupikiwa uji, huondolewa kazi, na wanawake wa jirani hupokezana kumtazama. Huu si ukarimu mtupu. Ni jamii inayokiri kwamba mwanamke huyu amejihatarisha kwa niaba ya ukoo mzima, na kwamba ukoo unadaiwa. Kasoro ya arobaini ni moja tu: malipo ya deni huanza wakati saa ya hatari kubwa imekwisha kupita. Kazi yetu si kuivunja mila hiyo. Ni kuirudisha nyuma, ianze tangu mimba inapojulikana. Mume aweke akiba ya nauli, jirani mwenye pikipiki au boti ajulikane mapema, na mkunga wa jadi, ambaye wanawake walimwamini wakati hapakuwa na mwingine, awe mtu wa kwanza kumsindikiza mama kituoni.

Deni hilo lawahusu pia mama walio wadogo. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba au kuzaa. Mwili wa msichana ambaye hajakomaa huikabili hatari kubwa zaidi, na kwa muda mrefu jamii ilimwongezea adhabu ya kupoteza masomo. Uamuzi wa serikali wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni ulikuwa wa haki. Kilichobaki ni kuona kwamba darasani wanapokewa kama wanafunzi, wala si kama mfano wa aibu.

Hitimisho

Kila tarehe 25 Julai Watanzania huwakumbuka mashujaa waliokufa kwa ajili ya nchi. Ni vyema. Askari alijua kwamba huenda asirudi, akaenda, na kwa hiyo taifa likajiona lina wajibu wa kumpa silaha, chakula, na heshima. Mama mzazi naye huenda mahali ambapo huenda asirudi, na bila yeye hapana taifa la kulinda wala askari wa kulilinda. Tukimpeleka huko mikono mitupu, kisha tukamlilia, tutakuwa tumelipa machozi mahali tulipodaiwa msaada.

Tumesema kwamba kifo kinachojulikana na kuzuilika ni dhuluma. Kwamba usawa wa kweli hupimwa kwa saa ambazo mama hungoja. Na kwamba aliye mbali anastahili zaidi kwa sababu ya umbali wake. Serikali ina sehemu yake kubwa katika jambo hili, wala hatuipunguzi. Lakini mkono mmoja haulei mwana, wala haumzalishi mama. Mwalimu aweza kuhakikisha kwamba mvulana anazijua dalili za hatari sawasawa na msichana, kwa maana siku moja ndiye atakayeulizwa kama waende au wasubiri. Na mwanafunzi aliyetimiza miaka 18, akiwa na afya njema, aweza kutoa damu. Damu haitengenezwi kiwandani, wala hainunuliki dukani. Chupa iliyokosekana katika hospitali ya wilaya usiku ule ilikuwa imo mwilini mwa mtu mzima, mwenye nguvu, aliyekuwa amelala nyumbani kwake, na ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anadaiwa.